Potasiamu haipandi baada ya upasuaji wa moyo: magnesiamu tuitoeje?

MuuguziWaZamu

Habari za kazi wakuu. Tunaandaa karatasi ya mwongozo ya kubandika ukutani ICU ya moyo, inayohusu magnesiamu kwa wagonjwa walio katika siku tano za kwanza baada ya upasuaji. Naomba msaada wa wenye ujuzi.

Chukulieni mgonjwa wa aina tunayoipata sana: mwanamke wa miaka 28, kilo 52, kabadilishiwa vali ya mitrali iliyoharibiwa na homa ya rumatiki, yuko siku ya pili. Anapata furosemaidi (dawa ya kukojosha) mg 40 mara mbili kwa siku pamoja na digoksini (dawa ya kudhibiti mapigo ya moyo), anakojoa vizuri, kreatinini (kipimo cha figo) iko kawaida. Potasiamu ilikuwa 3.1 mmol/L, akawekewa jumla ya mmol 60 kwa laini ya shingoni, kipimo cha marudio kinasema 3.2. Kwenye monita kuna mapigo ya ziada ya ventrikali (vyumba vya chini vya moyo), wakati mwingine mawili au matatu yakifuatana. Magnesiamu ni 0.74 mmol/L na maabara hawajaiwekea alama yoyote.

Maswali yangu:

1. Kwa nini potasiamu haipandi, na magnesiamu inahusikaje ikiwa majibu yanaonyesha iko kawaida?
2. Mwongozo pekee wa magnesiamu ambao wauguzi wengi tunaujua ni ule wa kifafa cha mimba: gramu 4 kwenye mshipa, kisha gramu 10 kwenye makalio. Kuna mtu anaweza kuutumia huohuo kwa mgonjwa wa moyo?
3. Ni nini kitufanye tusimamishe dawa mara moja?

DktUsingizi

Swali zuri dada, na nianze na la pili kwa sababu ndilo lenye hatari. Hapana, mwongozo wa wodi ya wazazi usiingie ICU ya moyo. Kule lengo ni kuzuia degedege, kwa hiyo kiwango cha damu kinapandishwa makusudi hadi takriban mmol 2 mpaka 3.5 kwa lita. Kwa mgonjwa wa moyo tunataka awe karibu na kikomo cha juu cha kawaida, yaani karibu na 1.0. Zaidi ya hapo, mtu aliyetoka kupasuliwa anakunywa warfarini au anachomwa hepari (dawa za kuzuia damu kuganda), na sindano ya gramu 5 kwenye kila kalio itamwachia uvimbe wa damu. Magnesiamu kwa huyu ni ya mshipa tu.

Sasa potasiamu. Kwenye mirija ya mwisho ya figo kuna milango ambayo potasiamu hupitia kutoka ndani ya seli kwenda kwenye mkojo. Magnesiamu iliyomo ndani ya seli ndiyo inayoiziba milango hiyo kiasi. Ikipungua, milango inabaki wazi. Ongeza furosemaidi, ambayo inapeleka sodiamu nyingi kwenye mirija hiyo na kuivuta potasiamu itoke kwa kasi zaidi, basi kila mmol unayoweka shingoni inaishia kwenye mfuko wa mkojo. Halafu pampu ya seli inayoingiza potasiamu ndani na kutoa sodiamu nje haifanyi kazi bila magnesiamu, kwa hiyo hata potasiamu iliyobaki kwenye damu inashindwa kuingia kwenye misuli ya moyo inakohitajika. Ndiyo maana mgonjwa wako kapewa mmol 60 na bado yuko 3.2.

Kuhusu ile 0.74. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, iliyobaki karibu yote iko ndani ya seli, na ile iliyo nje ya seli haifiki hata asilimia 1 au inaizidi kidogo tu. Maabara wanapima hiyo. Mtu anaweza kuwa na upungufu mkubwa kwenye misuli ya moyo huku damu inasoma 0.74. Huyu dada ana sababu zote za kupungukiwa: wagonjwa wa vali za rumatiki wanafika mezani wakiwa wameshatumia furosemaidi kwa miezi au miaka, wengi wanakula kidogo kwa sababu ini na utumbo vimejaa maji, na wengine wapo kwenye omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi ya tumbo) ambayo ikitumika muda mrefu inazuia magnesiamu kufyonzwa. Kisha anaingia kwenye mashine ya moyo na mapafu, damu inazimuliwa na maji ya kuanzishia mashine, anaongezewa damu yenye sitreti inayokamata kalsiamu na magnesiamu, anapewa adrenalini na insulini, na baada ya hapo furosemaidi tena. Mgonjwa wa namna hii, mwenye mapigo ya ziada, potasiamu ngumu na figo nzima, mimi nampa magnesiamu bila kusubiri majibu yashuke chini ya 0.7.

Ninavyompa: magnesiamu salfeti gramu 2, iliyochanganywa kwenye mililita 100 za salaini au dekstrozi 5%, iingie kwa saa moja hadi mbili. Baada ya hapo potasiamu iendelee, mmol 10 kwa saa, na mmol 20 kwa saa ikiwa ana laini ya shingoni na monita haiachwi. Pima zote mbili saa 4 hadi 6 baada ya dripu kuisha. Ikiwa magnesiamu ni chini ya 0.5, gramu 4 kwa saa 4, na kesho yake rudia, kwa sababu akiba ya ndani ya seli hujazwa kwa siku kadhaa. Ukiona kipimo kimefika 1.0 saa moja baada ya dripu, usidhani kazi imekwisha. Kesho asubuhi atakuwa amerudi 0.75.

Na usikimbize dripu. Figo hurudisha magnesiamu kwenye damu kwa kipimo. Kiwango kikipanda ghafla figo inaitupa, na karibu nusu ya dozi iliyosukumwa haraka inaweza kuishia kwenye mkojo. Kumpa gramu 2 kwa dakika 10 mtu asiye na mpapatiko wa hatari ni kupoteza dawa na kushusha presha bure.

Mfamasia_Mchanganyo

Naongezea upande wa ampuli, kwa sababu makosa mengi ya magnesiamu ni ya hesabu.

Ampuli nyingi tunazopata ni za 50%. Maana yake kila mililita ina mg 500. Ampuli ya mililita 10 ina gramu 5, ya mililita 2 ina gramu 1. Kwa hiyo gramu 2 ni mililita 4 za dawa ya 50%, sawa na takriban mmol 8. Kariri hii moja: gramu 1 ya salfeti ni mmol 4, ambayo ndani yake ina magnesiamu halisi karibu mg 100 tu. Daktari akiandika "magnesiamu mg 200" bila kusema ni salfeti au ni magnesiamu halisi, mpigie simu. Tofauti ni mara kumi.

Zipo pia za 20% na za 10% sokoni. Kwenye karatasi yenu andikeni dozi kwa gramu na mmol, msiandike kwa mililita wala kwa ampuli. "Mpe ampuli moja" inaweza kuwa gramu 1 au gramu 5.

Dawa ya 50% haiingii kwenye mshipa ikiwa kama ilivyo, lazima izimuliwe hadi 20% au chini ya hapo. Mililita 4 ndani ya mililita 100 inakupa karibu 2%, iko salama hata kwa mshipa wa mkononi. Kwenye pampu ya sindano: mililita 8 za 50% (gramu 4) jumlisha mililita 32 za salaini, unapata mililita 40 zenye mg 100 kila mililita. Mililita 10 kwa saa ni gramu 1 kwa saa. Ni hesabu rahisi ambayo mtu wa zamu ya usiku anaweza kuihakiki kwa kichwa, na ndiyo sababu naipenda kuliko dripu za mililita 500.

Usichanganye kwenye laini moja na bikaboneti, kalsiamu wala fosfeti, maana unga mweupe utaganda ndani ya laini. Usiiunganishe kwenye laini ya damu pia.

Na hili naomba liandikwe kwa wino mwekundu: potasiamu kloridi ya 15% mililita 10 (mmol 20) na magnesiamu salfeti ya 50% mililita 10 mara nyingi zinakuja kwenye ampuli za plastiki zinazofanana, maji meupe, maandishi madogo. Ziwekwe kwenye masanduku tofauti, kabati tofauti, na potasiamu isikae kabisa kwenye toroli la dharura. Mtu anayesukuma "magnesiamu" kwa mpapatiko na kumbe ni potasiamu anasimamisha moyo.

KemiaMaabara

Kabla hamjabishana na majibu yetu, angalieni sampuli ilivyochukuliwa.

Chupa ya kifuniko cha zambarau, ile ya picha ya damu, ina EDTA ya potasiamu. EDTA inakamata kalsiamu na magnesiamu. Ukijaza ya zambarau kwanza kisha ukamimina au ukachoma chupa ya kemia kwa sindano ileile, majibu yatakuja na potasiamu ya juu ajabu, kalsiamu ya chini na magnesiamu ya chini. Ukiona mchanganyiko huo kwa mgonjwa aliyetulia, rudia sampuli kabla ya kutibu. Chukua ya kemia kwanza, ya zambarau mwisho.

Chembe nyekundu zina magnesiamu mara mbili hadi tatu ya ile iliyo kwenye plazma. Damu iliyovunjika, na baada ya mashine ya moyo na mapafu au kuvuta kwa nguvu kwenye kanula nyembamba huvunjika sana, inapandisha kipimo kwa uongo. Plazma ikiwa ya rangi ya waridi, ile 0.74 inaweza kuwa 0.65.

Usichukue kwenye mkono wenye dripu ya magnesiamu. Ukichukua kwenye laini ya shingoni simamisha dripu, mwaga mililita 5 hadi 10 za mwanzo, ndipo uvute sampuli.

Kuna jambo la albumini. Takriban asilimia 30 ya magnesiamu ya damu imeshikana na protini, hasa albumini. Baada ya mashine albumini inashuka kwa sababu ya kuzimuliwa, hivyo jumla ya magnesiamu inaweza kusoma chini wakati ile huru, inayofanya kazi, haijashuka kiasi hicho. Kwa hiyo namba inaweza kukudanganya pande zote mbili, na mimi naungana na Dkt: isomwe pamoja na potasiamu, ECG (mchoro wa umeme wa moyo), figo na dawa anazotumia.

Mwisho, vipimo. Mashine nyingine zinatoa mg kwa desilita. Gawanya kwa 2.43 kupata mmol kwa lita. Majibu ya "2.0" kwa mg/dL ni 0.82, mtu wa kawaida kabisa. "2.0" kwa mmol/L ni mara mbili ya kikomo cha juu. Tumeona, naamini sote, karatasi zinazoandikwa namba bila kipimo, na zinapofika hospitali nyingine mtu anasoma kwa mazoea ya kwake. Kawaida yetu ni 0.7 hadi 1.0 mmol/L.

MuuguziWaZamu

Asanteni sana, hasa hilo la chupa ya zambarau. Naomba tuendelee kidogo. Kuna madaktari wanaotaka kila mgonjwa apewe gramu 2 hadi 4 akitoka tu chumba cha upasuaji ili asipate AF (mpapatiko wa atria, vyumba vya juu vya moyo). Wengine wanasema haina maana. Na kwa watoto tufanyeje?

MtuWaPampu

Kwa hilo la kumpa akitoka tu chumba cha upasuaji, kwanza muulizeni mtaalamu wa pampu (anayeendesha mashine ya moyo na mapafu) ametumia kardiopliji (maji ya kusimamisha moyo) gani. Magnesiamu inaweza kuwa ilishaingia. Ile ya St Thomas ina mmol 16 za magnesiamu kwa lita, pamoja na mmol 16 za potasiamu. Ya del Nido inawekewa gramu 2 za magnesiamu salfeti kwenye kila lita ya msingi wake. Imo humo kwa sababu magnesiamu inazuia kalsiamu kumiminika ndani ya seli za moyo uliosimama, na hivyo kupunguza uharibifu damu inaporudi. Baadhi ya timu huongeza gramu nyingine 2 kwenye mashine wakati wa kuondoa kibano cha aota. Kipimo kinachochukuliwa mgonjwa akiingia ICU kinaweza kusoma 1.3, na muuguzi akafurahi. Ni kiwango cha muda. Kwa figo zinazofanya kazi na furosemaidi ikiwa imeanza, kitashuka siku ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo kipimo chenye maana ni cha asubuhi ya siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hasa ya pili na ya tatu ndipo AF inapopenda kuanza.

Kuhusu AF yenyewe. Baada ya upasuaji wa moyo inampata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu hadi wanne. Tafiti za zamani na ndogo zilionyesha magnesiamu ikiipunguza vizuri, ila kadiri utafiti ulivyofanywa kwa uangalifu zaidi ndivyo faida ilivyopungua. Msimamo wangu: kuziba upungufu, ndiyo. Kumpa kila mtu dozi kubwa ukitegemea itazuia AF na kumwacha bila dawa ya beta (ya kupunguza kasi ya moyo), hapana. Dawa ya beta irudishwe mapema mara tu presha na mapigo vinaporuhusu. Hiyo ndiyo kinga yenye ushahidi mzito.

Mmetaja potasiamu, na kuna jambo jipya. Utafiti wa TIGHT-K, uliofanyika Uingereza na Ujerumani kwa wagonjwa 1,690 na kuchapishwa 2024, ulilinganisha kuongeza potasiamu inaposhuka chini ya 4.5 na kuongeza inaposhuka chini ya 3.6 tu. Kusubiri hadi 3.6 hakukuleta AF zaidi. Lakini someni waliochaguliwa: walikuwa ni watu wa kupandikizwa mishipa ya moyo peke yake, bila historia ya AF. Mgonjwa wetu wa mitrali ana atria ya kushoto iliyotanuka, huenda alikuwa na AF kabla ya kupasuliwa, na yuko kwenye digoksini. Huyu simwachi na 3.6. Ningemweka 4.0 hadi 4.5 na magnesiamu juu ya 0.9.

DktUsingizi

Nakubaliana na MtuWaPampu kwa kila neno, na la digoksini nataka kulikazia. Digoksini inafanya kazi kwa kuibana ileile pampu ya sodiamu na potasiamu. Ukiwa na potasiamu ndogo na magnesiamu ndogo, pampu inabanwa mara tatu, na mgonjwa anapata sumu ya digoksini kwa dozi ambayo wiki iliyopita ilikuwa salama. Mapigo ya ziada kwa mtu wa digoksini siku ya pili yanadai potasiamu, magnesiamu na kusimamisha digoksini ya siku hiyo mpaka ieleweke.

AF ikishaanza na presha ipo: sahihisha potasiamu, mpe gramu 2 za magnesiamu kwa dakika 15 hadi 30, halafu dawa ya beta au amiodaroni (dawa ya kurekebisha mapigo). Magnesiamu inapunguza kasi kwenye nodi ya AV (kituo cha umeme kati ya atria na ventrikali) na kuisaidia dawa nyingine ifanye kazi. Utafiti wa LOMAGHI wa Tunisia, kwa wagonjwa wa AF ya kasi waliofika idara ya dharura, ulilinganisha gramu 4.5 na gramu 9. Dozi zote mbili zilisaidia, na ile kubwa haikuipita ndogo kwa faida ila kwa mwili kuwaka na uso kuwa mwekundu. Presha ikianguka, acha dawa, mpige shoti ya umeme.

Pahali pekee ambapo magnesiamu ni dawa ya kwanza bila mjadala ni torsadi: ventrikali inayokimbia huku mawimbi ya ECG yakijizungusha kwenye mstari, yanakuwa makubwa, yanakuwa madogo, na kabla yake QT (muda wa ventrikali kujikaza na kutulia kwenye ECG) ilikuwa ndefu. Gramu 2 kwa dakika 10 ikiwa ana mapigo, au isukumwe moja kwa moja akiwa amepoteza mapigo na CPR (kusukuma kifua) inaendelea, sambamba na shoti. Haijalishi kipimo cha magnesiamu kilisoma ngapi. Magnesiamu haifupishi QT, inazuia cheche zinazoanzisha mpapatiko, kwa hiyo QT ikibaki ndefu baada ya dawa usishangae. Kisha tumia waya za pesimeka ambazo mpasuaji ameziacha kifuani: endesha moyo 90 hadi 100 kwa dakika, kwa sababu torsadi inapenda moyo wa taratibu wenye mapumziko marefu. Angalia dawa zilizorefusha QT: amiodaroni yenyewe, haloperidoli ya kumtuliza mgonjwa aliyechanganyikiwa, ondansetroni ya kichefuchefu, erithromaisini, siprofloksasini, flukonazoli. Wagonjwa wetu wanaweza kuwa na tatu kati ya hizi kwenye karatasi moja ya dawa.

Sasa swali lako la tatu, la kusimamisha. Mpangilio wa sumu ni huu: mwili kuwaka na kichefuchefu mapema, refleksi ya goti inapotea karibu na mmol 3.5 hadi 5, pumzi inasimama karibu na 5 hadi 6.5, umeme wa moyo unavurugika juu ya 7.5, moyo unasimama juu ya 12.5. Goti ni kipimo kizuri kwa mama mjamzito aliye macho. Kwa mgonjwa aliyelazwa usingizi na kupewa rokuroniamu (dawa ya kulegeza misuli) halina maana, na mashine ya kupumulia itaficha pumzi iliyosimama. Kwa huyo unategemea mkojo, ECG na kipimo cha damu.

Basi simamisha dripu ikiwa mkojo uko chini ya 0.5 ml kwa kilo kwa saa (kwa kilo 52, chini ya ml 26 kila saa), kreatinini inapanda, PR (muda wa umeme kutoka atria hadi ventrikali) inarefuka au QRS (wimbi la ventrikali) inatanuka, mapigo yanashuka chini ya 50, presha inaanguka, au mgonjwa aliyekwisha kuamka anaanza kulegea na kuona maluweluwe. Kreatinini ikiwa juu tayari, anza na nusu ya dozi na pima kabla ya kila dozi inayofuata. Aliyefanyiwa vali ya aota au kuzibwa tundu la ventrikali ana hatari ya kuziba umeme wa AV, kwa hiyo hakikisha pesimeka imeunganishwa na inashika moyo kabla hujaanza. Mwenye myasthenia (ugonjwa wa udhaifu wa misuli) asipewe.

Dawa ya kinyume ni kalsiamu glukoneti ya 10%, mililita 10, kwa dakika 10. Moyo ukiwa umesimama, kwa dakika 3. Iwe kando ya kitanda, laini tofauti. Kama anatumia digoksini, toa kalsiamu taratibu huku macho yakiwa kwenye monita. Ikiwa figo hazifanyi kazi, kalsiamu inakununulia muda tu, kinachoondoa magnesiamu ni dialisisi.

Jambo moja la kuondoa mrija wa kupumulia: magnesiamu inarefusha kazi ya dawa za kulegeza misuli. Mgonjwa aliyepata gramu 4 saa mbili zilizopita na rokuroniamu mwishoni mwa upasuaji apimwe nguvu za misuli kwa kichocheo cha neva kabla hamjautoa mrija.

ICU_Watoto

Kwa watoto adui tunayemwogopa ni mpapatiko wa makutano, ule unaoitwa JET. Unatokea baada ya kurekebisha tetralojia ya Fallot (kasoro ya moyo ya kuzaliwa nayo), tundu la ventrikali au kasoro za AV, kwa kawaida ndani ya saa 48 za mwanzo. ECG inaonyesha QRS nyembamba, kasi ya 170 hadi 230 kwa dakika, na mawimbi ya P yakitembea kivyake kwa mwendo wa taratibu zaidi. Atria na ventrikali hazishirikiani, kwa hiyo presha inashuka ingawa upasuaji ulikwenda vizuri.

Hapa magnesiamu ina nafasi nzuri kuliko kwenye AF ya watu wazima. Ikitolewa wakati wa mashine, mg 25 hadi 50 kwa kilo, inapunguza JET. Huko ICU tunatumia dozi hiyohiyo kusahihisha upungufu, isizidi gramu 2. Mfano: mtoto wa kilo 10, mg 50 kwa kilo ni mg 500, yaani mililita 1 ya dawa ya 50%. Izimue ifike mililita 10, upate mg 50 kila mililita, iingie kwa pampu kwa dakika 30 hadi 60. Tumia bomba la mililita 1 kuvuta ile dawa. Ukiivuta kwa bomba la mililita 10 huoni tofauti ya mililita 1 na 1.4, na kwa mtoto hiyo ni dozi nyingine kabisa.

Lakini magnesiamu peke yake haizimi JET iliyokwishaanza. Shusha joto la mwili hadi nyuzi 34 au 35, mtulize na mwondolee maumivu, punguza adrenalini na dopamini kadiri presha inavyovumilia, sahihisha potasiamu na kalsiamu, kisha amiodaroni, na endesha atria kwa waya za pesimeka kasi ikiwa juu kidogo ya ile ya JET ili mshirikiano urudi.

Angalieni pia kalsiamu isiyopanda. Magnesiamu ikiwa chini sana tezi za parathiroidi haziachii homoni yake, na kalsiamu inabaki chini hata ukiongeza. Ni hadithi ileile ya potasiamu.

LisheMoyo

Mkimaliza ICU mgonjwa anarudi nyumbani na furosemaidi yake, na upungufu unaanza upya. Kwenye karatasi wekeni mstari mmoja wa siku ya kuruhusiwa: pima magnesiamu na potasiamu, na rudia kwenye kliniki ya kwanza.

Vidonge vya magnesiamu oksaidi mg 400 vina magnesiamu halisi kama mg 240, na sehemu ndogo tu ndiyo inayofyonzwa. Kikizidi kinaharisha, na kuhara kunapoteza magnesiamu na potasiamu zaidi, kwa hiyo gawa dozi asubuhi na jioni pamoja na chakula. Siprofloksasini au doksisaiklini imezwe angalau saa mbili kabla ya kidonge hiki, kwa sababu zinashikana tumboni na antibayotiki haifyonzwi. Mwenye figo dhaifu asipewe vidonge hivi, na mwambieni pia aache dawa ya kiungulia ya magnesiamu trisiliketi anayojinunulia dukani.

Ikiwa anatumia omeprazoli, ulizeni kama bado anaihitaji. Onyo rasmi la mamlaka ya dawa ya Marekani kuhusu dawa za kundi hili kushusha magnesiamu lilitolewa 2011, na bado watu wanabaki nazo mwaka mzima bila sababu iliyoandikwa.

Chakula: magnesiamu ya mahindi iko kwenye kiini na kumbi, ambavyo vyote vinabaki kinuni ukikoboa. Kubadili sembe kwa dona ni hatua rahisi kuliko zote, haina gharama. Kiganja cha mbegu za maboga zilizokaangwa bila chumvi, gramu 30 hivi, kina takriban mg 150, wakati mwanamke mzima anahitaji kama mg 320 kwa siku. Maharage, kunde, karanga, korosho na ufuta vinafuatia. Zisiwe za chumvi, maana huyu bado ana moyo unaojaa maji.

Mchicha, kisamvu na majani ya maboga vina magnesiamu nyingi, ila vina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini. Msimkataze mboga. Mwambieni ale kiasi kilekile kila wiki, na dozi ya warfarini ipangwe juu ya mlo huo. Anayekula sahani ya kisamvu kila siku wiki hii na wiki ijayo hali kabisa ndiye INR yake (kipimo cha kuganda kwa damu) inayoyumba. Na kama yuko kwenye spironolaktoni, msiongeze vidonge vya potasiamu kwa mazoea tu, kwa kuwa spironolaktoni inabakiza potasiamu mwilini, na magnesiamu pia kwa kiasi fulani.

MuuguziWaZamu

Nimeelewa. Kwa mgonjwa wetu wa mfano karatasi itasema hivi: rudia sampuli, kemia kwanza. Hakikisha mkojo zaidi ya ml 26 kwa saa, angalia PR na QRS, jaribu pesimeka. Magnesiamu salfeti gramu 2 (mmol 8) ndani ya ml 100 kwa saa mbili, potasiamu mmol 10 kwa saa kwenye laini nyingine. Digoksini ya leo ishikiliwe hadi daktari aone ECG. Kalsiamu glukoneti kando ya kitanda. Vipimo saa 4 baada ya dripu kuisha, na tena asubuhi kwa siku tatu. Kuna kitu nimeacha?

DktUsingizi

Ongeza kreatinini kwenye vipimo vya kila asubuhi, na jina la aliyehakiki hesabu ya dozi pamoja na aliyeitoa. Na hapo juu ya karatasi andika kwa herufi kubwa kwamba si ya wodi ya wazazi, kama ambavyo ya wazazi si ya kwenu.